Je, Moto Unafuta Wizi?

Na Mchungaji Msaidizi

Maandiko ya msingi: Kutoka 22:1–4, Hesabu 16:36–40



Kuna maswali ambayo mchungaji huulizwa mchana mbele ya watu, na kuna yale yanayobisha mlango usiku. Hili lilibisha Jumanne moja, saa tatu usiku, na jibu la kwanza nililolitoa lilikuwa baya. Ndiyo maana naandika.

Aliyekuja ni kijana wetu wa idara ya vijana, hapa hapa Dallas. Amenipa ruhusa niwasimulie, ila nisimtaje jina. Hutengeneza mapambo kwa vyuma kuukuu: bangili, vipuli, pete, mikufu. Karakana yake ni kibanda cha mabati nyuma ya ploti, na malighafi yake ni vitu ambavyo mimi na wewe tumetupa: kufuli lisilo na ufunguo, mfereji uliokwisha, funguo za milango ambayo haipo tena. Kazi hii si ngeni Kenya. Kule Kibera, Nairobi, mafundi wameifanya kwa miaka mingi, na kufuli la pale huweza kuishia kuwa kipuli katika sikio la mtu wa Ulaya. Na hata kabla ya hapo, wahunzi wa kando ya mlima huu wetu walikuwa wakikusanya mchanga mweusi mitoni na kuyeyusha chuma humo, na majirani zetu Wakamba walisifika kwa mikufu myembamba ya waya wa shaba. Kwa hiyo mtu asikwambie kuyeyusha chuma ni mambo ya wazungu.

Sasa, makufuli mengi na mifereji ni shaba ya njano, ile mafundi huita brasi: shaba iliyochanganywa na zinki. Shida ya brasi ni moshi. Moto ukizidi, zinki inachemka na kutoka kama moshi mweupe, na aliyeuvuta hulala usiku akitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kijana wetu alitetemeka mara mbili. Akaamua kujaribu bronzi, ambayo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati.

Hapo kwenye bati alikwama kidogo. Bati tunalolijua sisi ni la paa, kumbe hilo ni chuma kilichopakwa zinki tu. Bati lenyewe, ile metali laini nyeupe, alilipata kwa fundi wa redio, kwenye waya wa kulehemu, na akajifunza kuchagua ule usio na risasi, maana risasi si kitu cha kumvalisha mtu mkononi. Jaribio la kwanza aliweka bati nyingi mno, bangili ikavunjika kama kikombe. La pili, kalibu yake ya mchanga ilikuwa na unyevu, shaba ikaruka na kumtoboa kiatu. Shaba peke yake inataka nyuzi 1,085 za joto ndipo iyeyuke. Ukiitia bati kidogo inakubali mapema. Jaribio la tatu akapima sehemu tisa za shaba kwa moja ya bati, akakausha kalibu vizuri, na bangili ikatoka. Aliniletea niione. Niliigonga kwa kalamu ikalia kama kengele. Nikaagiza moja ya mke wangu papo hapo.

Na hapa lazima nikiri jambo. Alitaja bei, nami nikamshusha. Nina digrii ya biashara, na kupatana bei kwangu ni kama kupumua. Nikamwambia, "Hii kweli ni bei ya mchungaji wako?" Akacheka kwa aibu, akakubali. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi anayeponda bidhaa mbele ya mwenye mali, kisha anajisifu akienda zake. Mimi nilijisifu mpaka nyumbani.

Swali moja tu

Akina mama wa kanisa walipoiona bangili ile, wakaagiza kumi na mbili. Shaba nyekundu ikawa haitoshi. Siku moja akaja mvulana wa miaka kama kumi na sita na kilo kadhaa za nyaya za shaba, plastiki yote imechomwa, masizi bado yamo. Bei aliyotaka ilikuwa nusu ya ile ya kawaida. Fundi wetu alimuuliza swali moja tu: "Ziko zingine?"

Wiki hiyo hiyo kisima kinachohudumia ploti kadhaa upande wa chini kilinyamaza. Waya wa pampu ulikuwa umekatwa usiku. Mnaikumbuka foleni ile ya saa kumi na moja alfajiri, akina mama na mitungi ya njano, watoto wakienda shule bila kunawa. Baadhi ya waliopanga foleni ndio hao hao walioagiza bangili.

Sasa ile Jumanne usiku kijana akaniambia: "Pasta, sijui kama ni waya ule. Sina ushahidi. Yule mvulana nimemtafuta, simu yake haishiki. Na nimeshayeyusha. Hata nikitaka kurudisha, narudisha nini?"

Nikampa jibu la haraka. Umetubu, Mungu amekusamehe, songa mbele, siku nyingine uwe mwangalifu. Tukaomba, akaenda. Mimi nikabaki macho mpaka saa nane, nikitazama bangili kwenye mkono wa mke wangu aliyelala.

Chuma hakina jina

Wauzaji wa vyuma kuukuu wana msemo wao: chuma hakina jina. Ni kweli, na ndiyo maana kinaibwa. Ng'ombe ana rangi na alama ya sikio. Gari lina nambari. Lakini shaba ukishaichoma plastiki ni shaba tu, na ukishaiyeyusha, hata mwenyewe akiishika hataitambua. Basi hoja ya kijana wetu ilikuwa hii: kama kitu chenyewe hakipo tena duniani, deni nalo si limekwisha?

Wapendwa, Torati iliiona hoja hii mapema. Someni Kutoka 22. Mtu akiiba ng'ombe au kondoo, na mnyama akapatikana mkononi mwake akiwa hai, atalipa mara mbili. Lakini akiwa ameshamchinja au kumuuza, atalipa ng'ombe watano kwa ng'ombe mmoja, na kondoo wanne kwa kondoo mmoja. Itazameni hesabu hiyo vizuri. Sisi tunadhani mnyama akishaliwa kesi imekufa. Biblia inasema kinyume chake: kumaliza kitu kunaongeza deni, kwa sababu umemfungia mwenyewe njia ya kukipata tena. "Nimeshayeyusha" si utetezi. Mbele za Mungu ni sehemu ya mashtaka.

Lakini, mtasema, fundi wetu hakuiba. Alinunua kwa pesa yake. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu, na hapo ndipo yale niliyosoma chuoni yalinisaidia.

Bei nayo ni shahidi

Katika biashara, bei ni habari. Kitu cha kawaida kikiuzwa nusu ya bei yake, ile nusu nyingine haijapotea hewani. Kuna mtu anailipa. Pengine ni muuzaji mwenyewe, mtu mwenye dhiki anayetaka pesa ya hospitali leo leo. Pengine ni mwenye duka anayefunga. Na pengine ni mama aliye kwenye foleni na mtungi, asiyejua kwamba analipia bangili ya mtu. Kwa hiyo Mkristo akifurahia bei nzuri, kabla ya kusema "Mungu amenifungulia mlango," ajiulize: nusu nyingine analipa nani?

Kijana wetu hakujua. Sawa. Lakini kuna kutojua kwa namna mbili. Kuna jambo usilolijua kwa sababu huwezi kulijua, na kuna jambo usilolijua kwa sababu uliogopa kuuliza, usije ukapoteza bei. Shaka ambayo ungeiondoa kwa swali moja, ukaiacha kwa sababu faida ni tamu, shaka hiyo ni yako. Umeinunua pamoja na mali.

Na shaka hiyo haikuishia kwake. Ilipanda ngazi ikafika kwangu. Fundi akibanwa bei na wateja, naye huwabana wanaomletea, na kadiri bei inavyobanwa ndivyo mtu mwaminifu anavyoshindwa kuuza, anabaki yule ambaye mali haikumgharimu kitu. Sikukata waya. Lakini nilisukuma upande ule ule. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Naam, lakini sisi wanunuzi ndio tunaomwongezea siku.

Jambo hili tumeliona hata kwa ukubwa wa taifa. Tarehe 11 Januari 2022 stima zilipotea karibu nchi nzima, baada ya nguzo za laini kubwa ya umeme itokayo Kiambere kwenda Embakasi kuanguka. Kiambere ni huku huku kwetu, upande wa Mbeere. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, mpaka ilipofunguliwa tena Mei mwaka huo. Sheria ilikuwapo tayari, tangu 2015, inayomtaka mwenye biashara hiyo awe na leseni na aandike anachonunua na anayemuuzia. Lakini sheria haiwezi kusimama kwenye kila kibanda usiku. Ikifika pale kwenye mizani, ni wewe, muuzaji, na Mungu.

Na shosho wa gunia je?

Ndugu mmoja niliyemweleza mawazo haya alinikatiza. "Pasta, ukisema hivyo utawaua maskini. Kuna shosho anayeokota vyuma jaani tangu asubuhi. Hana risiti. Kila mtu akiogopa kununua, atakula nini?"

Ana haki kabisa. Marufuku ile ya 2022 iliwaumiza pia waliokuwa wakiokota kwa jasho lao. Tukiwatazama wote wenye magunia kama wezi, tutakuwa tumetenda dhambi nyingine. Lakini angalieni: shosho haogopi swali. Muulize ametoa wapi kufuli hili, atakuonyesha jaa, atakutajia siku, na kama una subira atakusimulia maisha yake yote. Swali halimuumizi mwaminifu. Linampa heshima, maana umemchukulia kama mtu mwenye biashara. Linalomuumiza ni bei ya kutupa. Kwa hiyo huruma kwa maskini si kufumba macho. Ni kumuuliza vizuri, kisha kumlipa bei kamili.

Moto wa kuficha na moto wa kukumbusha

Sasa turudi kwenye moto. Je, kitu chenye historia mbaya hakiwezi kutumika tena kwa wema? Kama haiwezekani, sisi wenyewe tumekwisha, maana nani kati yetu hana historia?

Katika Hesabu 16, watu 250 waliosimama pamoja na Kora walileta vyetezo vya shaba mbele za Bwana kwa uasi, na moto ukawala. Vyetezo vikabaki ndani ya majivu. Kwa lugha yetu ya Dallas, hivyo sasa ni vyuma kuukuu, tena vya mkosi. Mungu hakuagiza vitupwe. Aliagiza Eleazari avikusanye, vifuliwe viwe mabamba ya kufunika madhabahu. Shaba ya waasi ikakaa mahali pa sadaka! Lakini msipite haraka. Iliwekwa pale iwe kumbukumbu kwa Israeli, ili kila anayeiona aulize na aambiwe ilikotoka. Shaba ilibadilika umbo, historia yake haikufichwa.

Someni pia Kutoka 38. Birika la shaba la kunawia lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Biblia imeandika shaba ilitoka mkononi mwa nani. Sura hiyo hiyo inatoa hesabu iliyosimamiwa na Ithamari mwana wa Haruni: shaba ya matoleo ilikuwa talanta 70 na shekeli 2,400. Mimi mtu wa mahesabu nilipoisoma nilipiga kofi peke yangu ofisini. Hema la Mungu lilikuwa na daftari la vyuma.

Na si Maandiko pekee yanayoonyesha kwamba shaba ina kumbukumbu. Kuna mabamba na sanamu mashuhuri za Ufalme wa Benin, ambao leo uko ndani ya Nigeria, kazi ambazo Waingereza walizipora mwaka 1897. Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza metali yake ilitoka wapi. Mwaka 2023 watafiti walichapisha majibu. Walipima bangili za kale zilizopatikana kwenye meli zilizozama, ziitwazo manilla, wakakuta metali yake inalingana na ya kazi nyingi za Benin, na chimbuko lake ni eneo la mto Rhine, Ujerumani. Manilla hizo zilikuwa pesa. Wazungu walizitumia kununua bidhaa katika pwani ya Afrika Magharibi, na walizitumia pia kununua watu. Mafundi wa Benin waliziyeyusha wakatengeneza kazi ambazo dunia inazishangaa hadi leo. Uzuri ule ni wa kweli. Lakini karne kadhaa baadaye shaba ilifungua mdomo ikasema ilikopitia. Moto ulibadilisha umbo, haukufuta.

Basi hili ndilo jibu ambalo ningempa kijana wetu ile Jumanne, kama ningekuwa na subira. Mungu anaweza kugeuza shaba yoyote kuwa chombo cha heshima. Lakini kuna moto wa kuficha na moto wa kukumbusha. Mwizi anayeyusha ili asiulizwe. Mungu anaumba upya, na bado anakubali kuulizwa.

Tulichofanya

Asubuhi nilimpigia simu nikamwambia nimekosea. Jumamosi tukaenda pamoja kwa kamati ya kisima. Mwenyekiti ni shosho mmoja asiyependa maneno mengi. Kijana alieleza yote, nami nikaeleza sehemu yangu ya bei. Shosho akamtazama.

"Una hakika ni waya wetu?"

"La, shosho."

"Sasa umekuja kwa nini?"

"Kwa sababu sina hakika kwamba si wenu."

Kukawa kimya. Kisha shosho akasema maneno ambayo nimeyahubiri moyoni mwangu tangu siku hiyo: "Msamaha tumekupa. Waya bado."

Wapendwa, sisi Wapentekoste tunapenda sana sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo. Lakini Zakayo katika Luka 19, wokovu ulipoingia nyumbani mwake, alisimama akataja pesa. Hakuimba kwanza.

Walikubaliana kijana alipe nusu ya bei ya waya mpya, kidogo kidogo kila mwezi. Mimi nilirudisha kile nilichomshusha, nikaongeza mchango wangu kwa kamati. Pampu inafanya kazi. Wako wanaosema kijana ni mjinga, amelipa deni ambalo hakuna mahakama ingemdai. Huenda ni kweli kwamba mahakama isingemdai. Yeye anasema sasa akipita kwenye foleni ya maji anasalimia watu akiwaangalia usoni.

Bangili zenyewe? Akina mama wengine walizirudisha. Wengine wamezivaa, na mke wangu ni mmoja wao. Ukimsifia bangili yake, ataanza kwa kukusimulia habari za kisima.

Yule mvulana bado hatujampata. Nawasihi kama ndugu: akionekana, asiguswe. Tairi na petroli si haki, na kama mwizi anastahili kupigwa basi wanunuzi tupange foleni nyuma yake. Mleteni kwangu, tutaenda naye kwa kamati kama tulivyoenda na mwenzake.

Kwa wiki hii

Pale kibandani sasa kuna daftari la mistari na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Kila anayeleta chuma anaulizwa: wewe ni nani, umekitoa wapi, na mbona bei hii? Jibu linaandikwa. Wawili waliokuja na shaba iliyochomwa walipoona daftari walikumbuka wana haraka. Shosho wa gunia alitaka jina lake liandikwe kwa herufi kubwa.

Si sote tunayeyusha shaba, lakini sote tunanunua. Simu ya mkono wa pili, spea za pikipiki, mbao, miraa, mahindi ya bei ya ajabu. Kabla ya Jumapili ijayo, chukua kitu kimoja ulichonunua kwa bei iliyokufurahisha kupita kiasi, ujiulize nusu nyingine ililipwa na nani. Ukipata jina, usinipigie mimi kwanza. Mwendee huyo mwenye jina.

Tuombe: Bwana, utusamehe tulichokificha motoni. Utupe ujasiri wa kuuliza kabla ya kununua, na wa kurudisha baada ya kujua. Utukumbushe aliye kwenye foleni tunapofurahia bei. Katika jina la Yesu, amina.